Binti Kapangiwa Kusoma Kiingereza Chuo Kikuu: Ni Haramu, Ni Upuuzi, au Ni Uvivu Wetu wa Kufikiri?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Wiki iliyopita baada ya darsa la Magharibi nilitamka sentensi moja tu: kwamba kijana wa Kiislamu akipangiwa chuo kikuu kusoma lugha ya Kiingereza, mzazi asimzuie. Sentensi moja! Tangu siku hiyo simu yangu haijatulia. Wengine wamenijia inboksi kwa adabu, Allah awalipe. Wengine wamekata kipande cha sauti yangu wakakisambaza kwenye magrupu ya WhatsApp, wakaandika juu yake kuwa sheikh siku hizi anahubiri Kiingereza.

Haya. Leo nitahubiri Kiingereza. Soma mpaka mwisho, ndipo ujibu.

Wanaonipinga ni makundi mawili, na cha kushangaza wenyewe kwa wenyewe hawapatani. Kundi la kwanza linasema kusomea lugha ya makafiri mpaka upate digrii yake ni kujifananisha nao, kwa hiyo ni haramu. Kundi la pili halina habari na haramu wala halali. Hao wanasema ni upuuzi: mtoto akasome uhasibu, uuguzi au sheria, Kiingereza si atakijua tu akikaa mjini? Hawa wa kwanza wanamzuia binti kwa jina la dini, wale wa pili kwa jina la pesa. Binti anabaki nyumbani vilevile.

Nianze na wenye dini.

Lakini kwanza niwaambie na nyinyi mnaoniunga mkono. Mmenitumia ile ya kwamba anayejifunza lugha ya watu amesalimika na vitimbi vyao. Ndugu zangu, hiyo SI hadithi ya Mtume (s.a.w.). Haina asili katika vitabu vya hadithi, hata kama tumeisikia wote tangu utotoni. Na ile ya kutafuta elimu hata Uchina, wanavyuoni wa hadithi wameidhoofisha, na wapo walioihesabu katika zilizotungwa. Msinisaidie kwa njia hiyo. Hatumtetei Mtume kwa kumsingizia maneno.

Dalili sahihi ipo, na inatosha. Ni ya Zayd bin Thabit (r.a.).

Mtume (s.a.w.) alipohamia Madina, Zayd alikuwa kijana mdogo wa miaka 11 hivi, tayari ana sura kadhaa za Qur'ani kifuani. Mtume akamwamuru ajifunze maandishi ya Mayahudi, kwa sababu hakuwa na uhakika na namna barua zake zinavyosomwa na kuandikwa. Zayd akajifunza kwa nusu mwezi. Ikawa yeye ndiye anayeandika barua za Mtume kwenda kwao, na za kwao zikija yeye ndiye anayezisoma. Wamepokea Abu Daud na Tirmidhi, na Bukhari ameitaja katika Sahihi yake.

Sasa tulia uizingatie. Wasomaji wa maandishi yale walikuwepo Madina, tena wengi. Mtume angeweza kuendelea kuwatumia haohao. Hakuridhika. Alitaka barua za umma zisomwe na mtu wa umma. Na hakumtafuta mzee aliyekwishachoka na dunia, alimchukua kijana mwenye akili kali na Qur'ani moyoni.

Unaogopa lugha ingemharibu? Basi niambie, alipofariki Mtume na wahifadhi wengi wakauawa vita vya Yamama, Abu Bakr (r.a.) alimwita nani kuikusanya Qur'ani? Alimwita Zayd. Yuleyule aliyesoma maandishi ya Mayahudi ndiye aliyeaminiwa Kitabu cha Allah.

Usidhani hiyo ni habari ya Madina pekee. Miaka michache nyuma msikiti mmoja wa mkoani kwetu ulipata mfadhili wa nje wa kuchimba kisima. Anayeijua Singida anajua kisima ni nini kwetu, hasa mwezi wa kumi. Mkataba ukaja, kurasa 14, Kiingereza kitupu. Nilikuwepo kwenye kikao. Kamati nzima, wazee wenye ndevu nyeupe, wamo waliohifadhi juzuu nyingi, tukaukodolea macho. Mimi na elimu yangu ya sekondari niliambulia neno mojamoja: maji, pampu, miaka. Ikabidi aitwe mwalimu wa sekondari, jirani yetu Mkristo, muungwana kabisa, akaja akatusomea bila kudai hata soda. Alipofika kipengele cha tisa akasimama, akatutazama. Kilisema pampu na mapato ya maji vitakuwa mikononi mwa wakala wa mfadhili kwa miaka 10. Mwenyekiti alikuwa ameshachomoa kalamu asaini!

Yule mwalimu namwombea kheri mpaka leo. Swali langu ni kwetu sisi: kata nzima ya Waislamu, hatukuwa na Zayd hata mmoja?

Ninajua yupo atakayenitumia maneno ya Ibn Taymiyya katika kitabu chake Iqtidhaa, kwamba alichukia watu kuzoea kusema lugha isiyo ya Kiarabu mpaka ikawa ndiyo desturi ya mji na nyumba. Ni kweli, ameandika. Lakini soma kwa uadilifu. Alikuwa anazungumzia kukiacha Kiarabu na kuweka kingine mahali pake bila haja. Ukilichukua neno lile juujuu kama unavyotaka wewe, basi anza na Kiswahili unachoniandikia, na Kinyaturu unachoongea na mama yako, navyo vimo. Na huyohuyo Ibn Taymiyya ameruhusu kuwasemesha watu kwa lugha yao na istilahi zao pale haja inapokuwepo. Lugha kwa asili yake si dini ya mtu. Katika Surat Ar-Rum, aya ya 22, Allah ameitaja tofauti ya ndimi zetu pamoja na rangi zetu miongoni mwa ishara Zake. Hakuutoa ulimi wa Mwingereza katika hesabu hiyo.

Kama unataka kuona lugha inavyotumiwa na wenye akili, tazama jambo hili. Tafsiri ya kwanza kamili ya Qur'ani kwa Kiswahili ilitoka mwaka 1923. Unajua aliyeifanya? Si sheikh wa Lamu wala wa Unguja. Alikuwa padri wa Kiingereza, Godfrey Dale, wa misheni ya UMCA Zanzibar. Alijifunza Kiswahili chetu, akaingia katika Kiarabu cha Kitabu chetu, akatutafsiria kwa mtazamo wake na maelezo yake ya kutupinga. Tafsiri kamili ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy ilikuja kukamilika na kuchapwa 1969. Hesabu mwenyewe miaka iliyopita hapo katikati.

Na nikuulize wewe unayesema lugha inabadilisha dini: Padri Dale alisilimu kwa kusoma Kiarabu? Alikufa na upadri wake. Yeye hakuiogopa lugha yetu. Sisi tunaiogopa yake.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa aliliona hili mapema. Mwaka 1932 alikuwa na gazeti lake Al-Islah, akiwakemea Waislamu wa pwani kwa kulala huku wenzao wanasoma. Baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, akafariki 1947. Mwanawe, Ali Mazrui, alibaki yatima akiwa na miaka 14 hivi. Matokeo yake ya mtihani wa Cambridge yalikuwa hafifu, Makerere hawakumpokea. Hakufa moyo. Akasoma Uingereza na Marekani, akarudi Makerere hiyohiyo akiwa profesa. Mwaka 1986 alisimama kwenye televisheni ya BBC, kwa Kiingereza ambacho wenyewe walikikubali, akawaeleza kwamba Afrika ina urithi wa pande tatu na Uislamu ni mmoja wao. Mtoto wa Kadhi! Sikubaliani na kila alichosema marehemu, Allah amrehemu, lakini nani mwingine angekaa kwenye kiti kile akautaja Uislamu wa Afrika bila kuutukana?

Sasa nije kwa watu wa pesa. Nyinyi ndio wengi.

Mnasema Kiingereza si fani, ni kuongea tu. Hapo hamjui mnachokisema, niwieni radhi. Anayesomea Kiingereza chuo kikuu hafundishwi namna ya kumwelekeza mtalii njia ya kwenda Ziwa Singidani. Anafundishwa lugha imeungwaje: sauti zake, muundo wa sentensi zake, maana inavyojificha. Anasoma fasihi, anajifunza kutafsiri. Na kama amechukua pamoja na ualimu, anajifunza namna ya kuiingiza lugha ile kichwani mwa mtoto ambaye nyumbani kwao haisemwi kabisa. Huo mwisho ndio ninaotaka tuuzungumze.

Mtoto wa Ikungi au Mkalama anazaliwa ndani ya Kinyaturu au Kinyiramba. Kiswahili anakipata njiani na shuleni. Kiarabu anakikariri madrasa. Anamaliza shule ya msingi aliyosoma kwa Kiswahili, Januari anavaa sare mpya, anaingia kidato cha kwanza. Siku hiyohiyo biolojia ni Kiingereza, hesabu ni Kiingereza. Bonde la Ufa, ambalo kingo zake anaziona akienda kuchunga, nalo limeelezwa kwa Kiingereza. Mtoto si mjinga. Kwenye Qur'ani ulimsifu mwenyewe kwamba ana kichwa chepesi. Lakini anakaa miaka minne anakariri mistari asiyoielewa, na matokeo yakitoka unasema amerogwa.

Sera ya Elimu ya 2014 ilisema Kiswahili kitumike katika ngazi zote. Mimi nilifurahi. Nilidhani tumemaliza. Leo ni miaka mingapi? Mtoto wako hafanyi mtihani wa sera, anafanya mtihani wa Baraza, na karatasi zinakuja kwa Kiingereza ukiacha masomo machache. Tuendelee kukidai Kiswahili, mimi nimo. Lakini kizazi kilichopo darasani sasa hivi hakiwezi kutusubiri tumalize kudai.

Katika hali hiyo, ni nani anayeushika mlango? Ni mwalimu wa Kiingereza. Akiwa dhaifu, mwalimu wa fizikia atafanya nini? Atafundisha kwa Kiswahili cha kuibia, mtoto aelewe darasani halafu afeli kwenye karatasi. Udhaifu wa mwalimu mmoja unaingia katika masomo yote. Na mwalimu huyo hupatikani kwa "atakijua tu akikaa mjini". Anapikwa chuoni miaka mitatu, na anatoka kwa watoto wa watu waliokubali kuwapeleka. Kinampanda kuna chuo cha ualimu, Dodoma kuna chuo kikuu tangu 2007, Morogoro kuna Chuo Kikuu cha Waislamu. Milango ipo.

Mnasema tena: Kiswahili kimepanda, sasa Kiingereza cha nini? Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa ndiyo lugha ya sheria na mahakama. Alhamdulillah. Lakini sheria zenyewe na hukumu za miaka na miaka zimeandikwa kwa lugha gani? Anayezileta kwenye Kiswahili bila kuharibu haki ya mjane wala ya yatima lazima awe bingwa wa lugha zote mbili. Mwalimu Nyerere alisoma Edinburgh, akarudi akatutafsiria Shakespeare kwa Kiswahili kilichonyooka. Shaaban Robert, Muislamu mwenzetu wa Tanga, alimfikia Omar Khayyam, mshairi wa Kiajemi, kwa kupitia Kiingereza, akamleta kwa Kiswahili. Waliotukuza Kiswahili hawakuwa mbumbumbu wa Kiingereza.

Oktoba 2021 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar wa 1948, alipewa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi. Alikuwa amefundisha fasihi ya Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Kent kwa miaka mingi. Mnakumbuka siku ile? Nchi nzima tuliulizana huyu ni nani. Dunia imeshamsoma, sisi tunauliza ni Mtanzania au si Mtanzania. Riwaya yake Paradise ilitoka 1994, imejaa watu wa pwani yetu, wenye majina yetu, na nyuma yake kuna kivuli cha kisa cha Nabii Yusuf. Ilisubiri mpaka 2022 ndipo Ida Hadjivayanis akatutolea kwa Kiswahili, ikaitwa Peponi. Zaidi ya robo karne wageni wanasoma habari zetu, sisi hatuna habari. Riwaya zina mambo nisiyoyaafiki, sijasema ni wahyi. Lakini nitamkosoaje mtu ambaye siwezi kumsoma?

Kuhusu kazi sitawadanganya. Digrii yoyote siku hizi si hundi ya benki. Wapo walimu wengi waliohitimu wako mtaani, na ajira za serikali sasa ni za usaili. Lakini mhasibu naye yuko mtaani, mbona yeye hamumzuii? Mwenye Kiingereza cha kweli anafundisha shule binafsi, anatafsiri nyaraka, anaandika maombi ya miradi, anasahihisha kazi za watu. Naye akirudi kijijini akalima alizeti kama sisi, angalau mkataba wa kisima atausoma.

Limebaki moja, na hili ndilo linaloniuma kifuani.

Mzee mmoja, ninamheshimu sana, aliniambia kijana wa kiume aende, ila binti asiende, chuoni kuna fitna, halafu atasafiri na nani? Binti yake amemaliza kidato cha sita mchepuo wa HKL, amefaulu vizuri, amepangiwa Kiingereza na ualimu. Nami nakiri fitna ipo. Ulinzi wa binti ni wajibu, na suala la mahram wanavyuoni wamelizungumza, tusilidharau. Mpeleke mwenyewe. Singida mpaka Dodoma unapanda basi la asubuhi, mchana umefika. Kagua hosteli. Mkabidhi kwa dada zake wa jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu, wapo, wana darsa zao na hijabu zao.

Lakini mzee wangu, nikuulize mbele ya watu bila kukutaja. Mabinti wa mkoa huu wanaokwenda Dar es Salaam kuwa dada wa kazi, wengine hawajafika hata miaka 16, wanalala nyumba za watu tusiowajua, mahram wao ni nani? Wanaopanda ndege kwenda Oman, wamewekewa mbele mkataba wa Kiarabu na Kiingereza wakaweka dole gumba, nani alisimama msikitini akasema haramu? Tuliwapakia wenyewe. Tukapokea pesa zilizotumwa, tukaezekea bati. Binti akienda kufagia sebule ya mtu, hakuna anayeuliza fitna. Akienda kusoma, ghafla sote tumekuwa mafakihi!

Uchamungu wa namna hiyo mimi siujui. Wallahi siujui.

Na wewe kijana unayeshangilia posti hii, usitambe. Ukirudi na digrii ya Kiingereza ukaanza kuwadharau wazee, ukachanganya lugha mpaka kwenye nasaha za harusi, ukaona aibu kusalimia kwa Kinyaturu, utakuwa umelipa sababu lile kundi la kwanza. Wala sizungumzii ule wazimu wa mzazi kumlipia mtoto wa miaka minne shule ya Kiingereza huku hajui hata Alhamdu. Hilo ni tatizo lingine, nitaliandikia siku yake inshaAllah.

Sasa vitendo. Nimezungumza na walimu wawili wa Kiingereza, Waislamu, wote wamesoma chuo kikuu, mmoja ni dada. Wamekubali kujitolea. Kuanzia Jumamosi hii, baada ya swala ya Adhuhuri, pale madrasa kutakuwa na darasa la Kiingereza kwa kidato cha kwanza na cha pili. Hakuna ada. Mtoto aje na daftari, kalamu na kitabu cha shule chochote alichonacho. Wasichana upande wa kibla, wavulana upande wa mlango. Watoto wa majirani zetu Wakristo wakitaka kuja, waje. Tumeshasomewa mkataba bure na mwalimu wao.

Mwenye ubao wa zamani au viti aniletee. Wazazi wenye barua za vyuo wanaokwama kwenye kuthibitisha nafasi au maombi ya mkopo wa Bodi, walimu hao watawasaidia siku hiyohiyo, ila njooni na vyeti, msije na maneno matupu.

Mwenye hoja ya kunipinga aiweke hapa chini na dalili yake, nitamjibu mmoja mmoja baada ya Isha. Wa matusi nitamfuta.

Wabillahi tawfiq.